Bado ni wa Darasa la Tano

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yameshachanganyika na siwezi tena kukuambia lipi lilitangulia lipi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwisho wa mwezi, nami nimekaa kwenye ofisi ya walimu na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu mgeni katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay. Kwetu ni Singida. Kabla ya kupangiwa kazi huku sikuwa nimewahi kuona maji mengi kiasi kile, ambayo ng'ambo yake ni nchi ya watu wengine.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wazee wenzangu wakilisikia neno hilo hutabasamu hata kama hawakufaidi chochote. Duka la ushirika la kijiji lilikuwa limeshafungwa, na watu binafsi wameanza kuleta vitu kutoka Mbinga: sabuni za rangi, betri, mafuta ya kupaka yenye harufu ya kizungu. Mitumba nayo ilishuka mlimani kwa marobota. Jumapili ungemwona mzee wa kanisa anapanda kwenda misani amevaa koti zito la nchi za theluji, jasho linamtiririka, wala hakuna anayemcheka kwa sababu kila mtu analitamani lile koti. Mimi ni Mwislamu, nilikuwa nikiwaangalia kutoka barazani kwangu, na kusema kweli hata mimi nililitamani.

Katika darasa langu la tano palikuwa na binti mmoja aliyeitwa Esta. Miaka kumi na mmoja, mrefu, mwembamba, mdomo haukai. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Yoramu na mkewe, ambaye kijiji kizima tulimwita Mama Esta. Mdogo wake alikuwa Sabina, wa miaka sita. Yoramu alivua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, mkewe akawaanika juani, kisha Yoramu akawapandisha kwa lori kwenda kuuza Mbinga. Shuleni Esta alijulikana kwa rede. Unaujua mchezo huo, wasichana wawili wanarushiana mpira na mmoja wa katikati anaukwepa huku akijaza chupa mchanga. Esta akishaingia katikati, mapumziko yaliweza kwisha hajatolewa.

Akaanza kuchechemea. Tukadhani ameumia mchezoni. Goti likavimba, wakamkanda kwa maji ya moto, wakamfunga majani, halikupungua. Baba yake akampandisha hospitali kubwa huko milimani, na wakatumwa kwingine mbali zaidi. Waliporudi, Yoramu alimbeba mgongoni kutoka pale lori lilipowashusha mpaka nyumbani, na kila aliyewaona njiani alielewa bila kuambiwa. Ilikuwa saratani ya mfupa. Ilikuwa imeshafika kwenye mapafu, na madaktari wamesema arudi akae na wazazi wake.

Basi Jumatatu ile nilifungua daftari la mahudhurio. Mkaguzi wa elimu alitarajiwa wiki hiyo, na mstari wa Esta ulikuwa umejaa alama za kutokuwepo, zinashusha wastani wa darasa zima. Nikachukua rula. Nikavuta wino mwekundu juu ya jina lake, na pembeni nikaandika "ameacha". Dawati lake nikampa mtoto mwingine aliyekuwa anakaa kwa kubanana. Nilijiona mwalimu makini. Ule mstari ulikuwa umenyooka kweli.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja tu, Mama Kandida, Mmatengo wa huko juu Mbinga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Alikuwa amekaribia kustaafu, na nusu ya wanafunzi wangu walikuwa wamezaliwa mikononi mwake. Alhamisi ya wiki ile alikuja shuleni saa ya mapumziko, bado amevaa gauni lake jeupe la kazi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

Hakuitikia. Mwanangu, wewe umelelewa huku, unajua uzito wa mtu mzima kukunyima marahaba mbele ya watoto. Alisimama mlangoni, akaniangalia.

"Mwalimu," akasema, "nani kakwambia Esta amekufa?"

"Hapana, mama. Mimi sikusema amekufa."

"Rafiki yake Tamari alikwenda kumwona jana. Akamwambia, Mwalimu amekufuta kwa wino mwekundu. Yule mtoto huwa halii ovyo. Goti linamtesa anabana meno. Jana alilia mpaka mama yake akanitumia mtu mbio, nami nikakimbia na dawa nikidhani maumivu yamezidi. Nimefika pale, Mwalimu, nikakuta sina dawa ya hilo."

Nikaanza kujieleza. Nikamtaja mkaguzi, nikautaja wastani. Akainua kiganja.

"Sikuja kugombana na wewe. Wewe ni kijana, wazazi wako wako mbali, huna wa kukwambia. Ngoja nikwambie mimi. Ugonjwa wa Esta hatutauweza. Lakini leo yu hai, na kesho nadhani atakuwa hai. Siku zilizobaki ni zake, wewe umezikata kwa rula. Jioni nakwenda kumsafisha. Njoo."

Nilikwenda. Nyumba ya Yoramu ilikuwa karibu na shule, chini ya kilima cha kanisa, na ua wake wote ulinuka usipa wanaokauka. Hata leo nikipita sokoni nikakutana na harufu hiyo huwa nasimama kidogo, watu wakadhani nachagua dagaa. Esta alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, mguu umeinuliwa juu ya magunia. Miezi michache tu, na sikumtambua upesi. Macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Esta. Unaendeleaje?"

"Mwalimu, mimi bado ni wa darasa la tano?"

"Bado ni wa darasa la tano," nikasema. "Nilikosea mimi. Kesho naliandika jina lako upya."

"Kwa wino gani?"

"Wa bluu."

"Na dawati langu?"

"Na dawati lako."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwenyekiti aliyefunga kikao. Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza. Lakini furaha ya kusamehewa ilinipanda, nikaongeza: "Na mwezi ujao utakuwa umepona, utarudi uwanjani kucheza rede."

Esta akageuza uso ukutani. Nilipoondoka hakuniaga.

Tulipofika kwenye njia panda Mama Kandida akasimama. "Umefanya vizuri," akasema, "halafu ukaharibu."

"Nilitaka kumpa moyo, mama."

"Yule anajua, Mwalimu. Mwili ni wake, anausikia. Ukimwambia atapona, unamwonyesha kwamba jambo hilo haliwezi kuzungumzwa na wewe. Basi anabaki nalo peke yake."

"Kwa hiyo nimwambie kwamba atakufa?"

"Wewe nani umwambie? Hilo ni la baba na mama yake, na siku wakiwa tayari nitakaa nao. Wewe usidanganye tu. Akikuuliza usilolijua, sema sijui. Halafu ukae. Usiinuke ukakimbia."

Nilirudi kesho yake na daftari chini ya kwapa, nikamwonyesha jina lake kwa wino wa bluu. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema herufi ya mwisho nimeikosea. Alikuwa sahihi.

Kutoka hapo nikawa napita kila siku baada ya masomo. Ndipo nilipoiona ile chupa ya kahawia. Hospitali walikuwa wamempa dawa ya maumivu ya maji, na Mama Esta alikuwa anaiogopa. Alikuwa amesikia ni dawa kali, tena alitaka kuibana isije ikaisha, kwa hiyo alikuwa akimpa mtoto pale tu anaposhindwa kuvumilia. Nilikuwepo siku Mama Kandida alipokalia kigoda mbele yake na kumshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, usisubiri alie. Ukisubiri alie, dawa inamkuta ameshaumia, halafu muda wote mwingine anakaa anayaogopa maumivu yatakayokuja. Mpe kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ile ya kulalia. Hata kama anacheka, mpe. Chupa ikikaribia kwisha niambie mapema, kuhangaika kuitafuta ni kazi yangu."

"Nesi, hapa hatuna saa," Mama Esta akasema kwa aibu.

Mimi nilikuwa nayo, saa ya mkononi niliyoinunua Songea nikiwa njiani kuja kuripoti, na niliitunza kama yai. Tena kengele ya shule yetu, rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mjohoro, ilisikika mpaka pale barazani. Saa nne tuliigonga kwa mapumziko, saa nane kuwaruhusu watoto. Nikamwambia Mama Esta: hizo mbili mnazo tayari, zile za alfajiri na jioni nitagonga mimi.

Basi nikawa nagonga. Jumamosi, Jumapili, siku za likizo. Wavuvi waliokuwa wanarudi asubuhi waliniona napiga chuma mbele ya shule tupu, wakasema yule kijana wa Singida joto la ziwa limemwingia kichwani. Padri akanijia akiwa na wasiwasi, kwamba Jumapili waumini wanachanganya kengele yangu na ya misa. Nikamweleza. Jumapili iliyofuata akawatangazia watu wote, na tangu hapo nikichelewa hata kidogo, mama wa jirani angepita uwanjani na ndoo yake kichwani: "Mwalimu, ya Esta bado?" Ikawa ndilo jina lake. Ya Esta imelia. Ya Esta bado. Nakumbuka asubuhi zile, milima ya ng'ambo inaanza kuonekana, ziwa limetulia, na mimi na nyundo yangu nikijua kwamba nyumba moja pale chini inanisubiri. Nimefanya kazi nyingi baadaye na nimepewa vyeti, lakini sijawahi tena kujisikia mtu wa maana kama asubuhi zile.

Ndani ya wiki moja uso wa Esta ulifunguka. Akaanza kulala. Akaanza kudai ugali wa muhogo kwa samaki wa mbelele, na kulalamika kwamba mama yake anauacha laini. Siwezi kukuambia jinsi malalamiko hayo yalivyotufurahisha.

Mama Kandida alikuwa na jicho la pembeni. Aligundua kwamba Sabina, yule mdogo, ameanza kukojoa kitandani na kushinda nyuma ya jiko bila kusema. "Huyu naye anaumwa," akasema, "ila hana goti la kutuonyesha." Akampa kazi ya kumletea dada yake kijiko kila kengele inapolia, na akamwagiza Mama Esta amlaze Sabina kifuani kwake hata kidogo kila jioni. Akazungumza pia na akina mama wa jumuiya ya kanisa, wakagawana zamu: huyu achote maji, yule akae na mgonjwa mchana ili Mama Esta afumbe macho. Hakuwahubiria. Aliwapangia siku.

Mimi nikapeleka rede. Wasichana wa darasa la tano walikuja uani Jumatano na Ijumaa, na Esta akawa mwamuzi, ameegemea ukuta. Alikuwa mwamuzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Alimpendelea Tamari waziwazi. Mpira unampiga Tamari mgongoni, kila mtu ameona, Esta anasema haujagusa. Wenzake wanapiga kelele, yeye anawatishia kuwatoa nje ya uwanja. Ugomvi huo ulisikika mpaka shuleni, na Mama Esta alikuwa anakaa kwenye kizingiti, khanga mdomoni, anacheka huku machozi yanamtoka.

Yoramu alikuwa amekataza mtu yeyote asitaje kifo mbele ya binti yake. Hakuna aliyebishana naye, hata Mama Kandida. Lakini jioni moja, mimi nasahihisha hesabu za Esta, baba yake anashona wavu na nesi anakunja vitambaa, mtoto mwenyewe akasema:

"Baba, hili goti halitapona, sivyo?"

Mikono ya Yoramu ikasimama. Mama Kandida aliviweka vitambaa chini. Alivuta kigoda chake mpaka bega lake likagusana na la Yoramu.

"Halitapona, mama," Yoramu akasema. Huku kwetu baba humwita binti yake hivyo anapompenda sana. "Tumehangaika kila mahali. Halitapona."

"Nitakufa?"

"Ndiyo. Siku hatuijui."

"Mtakuwepo?"

"Tutakuwepo. Mimi au mama yako, hutabaki peke yako hata kidogo."

Esta akafikiri. "Basi mkeka wangu uwe karibu na wa mama. Na madaftari yangu msimpe Tamari, atayachorachora. Mpeni Sabina."

Yoramu akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, Esta akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto mdogo. Mimi niliinama kwenye zile hesabu. Sikuinuka. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Alikaa nasi miezi minne baada ya hapo. Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, mama yake amekaa upande mmoja na baba yake upande wa pili. Alikuwa amekunywa dawa ya saa kumi na mbili na hakuwa na maumivu. Mama Kandida alikuja mwenyewe kunijulisha, akasimama nje ya dirisha la darasa, nami nikaiweka chaki chini.

Saa nne ilipofika sikujua la kufanya. Watoto walihitaji mapumziko, hawakuwa wamekula. Nikagonga. Baadaye nikaambiwa kwamba Mama Esta, katikati ya wanawake waliokuwa wanalia naye, alisikia kengele akasimama, akaenda kwenye rafu akachukua chupa na kijiko, na Sabina akawa ameshamfuata. Wakasimama pale wawili, hawajui wageukie wapi.

Tulimzika kesho yake. Nilibeba jeneza na wanaume wa ukoo wake, Mwislamu katikati ya wale wanaoimba tenzi, wala hakuna aliyeliona geni. Siku za matanga watu walijaa. Kisha, kama ujuavyo, wakapungua. Mihogo ilihitaji kuvunwa, usipa hawasubiri. Nikawa nasumbuliwa na ile kengele. Nikamwambia Mama Kandida nitaomba tubadilishe saa, au tugonge polepole, ili yule mama asiumie.

"Umemuuliza?" akasema.

Nikamuuliza. Mama Esta alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. "Igonge, Mwalimu," akanijibu bila kuniangalia. "Ikilia nasimama. Nikisimama namwona. Watu wote wanataka nisahau upesi. Usiwe na wewe mmoja wao."

Mama Kandida alinieleza kwamba kwake mgonjwa sasa ni familia, na kazi haiishi eti kwa sababu mtoto kazikwa. Kila Alhamisi tulikwenda, yeye na mimi, baadaye na Tamari na wenzake. Hatukuwa na mambo ya kusema. Tulisaidia kuchambua dagaa. Wakati mwingine Mama Esta alizungumza kutwa nzima juu ya siku Esta alipozaliwa, wakati mwingine hakusema lolote, na tukaondoka tukiwa tumemuaga tu.

Yoramu yeye hakukaa. Hakutaka jina la mtoto litajwe mbele yake, na kama miezi miwili baada ya mazishi alipandisha mzigo Mbinga, hakurudi wiki ile, wala iliyofuata, wala ya tatu.

"Nenda wewe," Mama Kandida akaniambia. "Mimi nikienda atadhani nimekuja kumtibu."

Nikapanda lori la alfajiri. Wewe sasa unapanda kwa lami, mwanangu, unasinzia njiani. Sisi tulikuwa tunashuka kila kona kali tukasukuma. Ziwa linabaki chini, linakuwa kama sahani, kisha unaingia kwenye mashamba ya kahawa na baridi inakushika masikio. Mbinga ilikuwa imechangamka miaka ile, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa, nyumba za matofali zinainuka kila upande. Nilimtafuta Yoramu upande wa samaki, hayupo. Nikamkuta kwenye mitumba, amekaa juu ya robota, ameshika gauni la msichana, la njano, lenye mifuko miwili mbele.

Hakunisalimia, wala hakushangaa kuniona.

"Nimelipima hapa," akasema, akionyesha chini kidogo ya kifua chake. "Esta hunifika hapa. Nikamwambia muuzaji, hili litamtosha. Akaniuliza, ana miaka mingapi? Nikamjibu, kumi na mmoja. Hapo ndipo nikakumbuka, Mwalimu. Nilikuwa nimesahau. Nimewezaje kusahau?"

Nikakaa kwenye robota pembeni yake. Watu wanapita, wanachambua nguo, wanavutana bei juu ya vichwa vyetu. Muuzaji, kijana wa rika langu, alituangalia mara moja, akahamishia wateja wake upande mwingine wa meza.

Baada ya muda Yoramu akasema: "Litaje jina lake. Nyumbani wote wananificha jina lake."

Yeye ndiye aliyekataza, lakini hilo sikumkumbusha. "Esta," nikasema. "Esta alikuwa mwamuzi mwizi." Nikamsimulia siku mpira ulipompiga Tamari kichwani ukaruka mpaka juu ya bati, na Esta akaapa haujamgusa, kwamba ni upepo. Yoramu hakuwa ameisikia hiyo, siku ile alikuwa ziwani. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Akacheka mpaka akainama, na alipoinuka uso umelowa wote, akanisimulia ya kwake, na mimi nikaongeza nyingine, mpaka wenye meza wakaanza kufunga.

Tulishuka pamoja kwa lori la kesho yake. Alipoingia uani alimpa mkewe lile gauni bila maelezo. Mama Esta akalikunjua, akalipima kwa macho, akaelewa. Wakakaa chini wote wawili. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walilia pamoja; kabla ya hapo kila mmoja alikuwa akilia pake ili asimwumize mwenzake. Mimi nikamshika Sabina mkono, tukaenda kuangalia usipa. Gauni lilikaa sandukuni miaka mitano, na Sabina akalivaa siku ya kipaimara chake kwa hiari yake mwenyewe.

Mama Kandida alishatangulia siku nyingi. Mimi nilioa huku, nikastaafu huku, na sasa nakaa hapa Mbinga nikisikiliza malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita. Katika miaka yangu ya kufundisha niliwauguza wanafunzi wengine watatu kwa namna ile, na wawili kati yao sikuwafanyia vizuri kama nilivyotaka. Kazi hii haizoeleki. Ukiona umeizoea, pumzika kwanza.

Sasa wewe unakwenda kuanza uuguzi, na umeniuliza nikuambie nini. Nakuambia haya. Mtoto mgonjwa ni mtoto kwanza. Ana masomo, ana marafiki, ana ugomvi wake, usimwondoe huko kabla hajaondoka mwenyewe. Maumivu yake yazuie mapema, usingoje ushahidi wa machozi. Asikute uongo kwako. Uwaangalie na wale wanaosimama pembeni yake, ndugu mdogo aliyenyamaza, baba anayejifanya ana shughuli. Na mtoto akishazikwa, wewe rudi. Rudi wiki ya pili, rudi mwezi wa tatu, watu wengine wakishaondoka. Usiwaambie wazazi wasahau, wala usiwaambie Mungu alikuwa na haraka naye. Taja jina la mtoto, ukae, uwaache wao waseme. Kama hawasemi, chambua nao dagaa.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyekuleta kwetu akulinde njiani na kazini. Akupe mikono miepesi kwa wenye maumivu, na masikio yasiyochoka. Kila nyumba utakayoingia ukakuta huzuni imetangulia, Mwenyezi Mungu akufanye mtu ambaye wenye nyumba wanamsogezea kigoda. Na siku yako ya kulia ikifika, kwa maana itafika, usikose mtu wa kuja kukaa nawe. Amina.